Kosa la Pekee la Petrolie

Kwa miaka yote niliyomjua, Petrolie alikubali mara moja tu kwamba amekosea. Siku hiyo tulikuwa watu wengi, tumevaa nguo za Misa, na mpaka leo wapo wanaobishana kama kweli walilisikia neno lile likitoka kinywani mwake au walidhani tu. Mimi nililisikia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona jasho likimshuka shingoni, na nilikuwa na sababu zangu za kusikia vizuri kuliko wengine.

Ili ujue uzito wa neno lile, lazima kwanza ujue ubishi wa huyu mzee, jirani yetu pale Kimemi, mtaa wa Butembo. Aliwahi kwenda kanisani siku ya Jumamosi akidhani ni Jumapili. Alikaa kwenye benchi la mbele peke yake, mikono magotini, saa nzima. Mfagiaji alipomwambia kwa upole kwamba Misa ni kesho, alijibu kwamba parokia ndiyo imechelewa, si yeye. Kesho yake alikataa kwenda, kwa sababu alikuwa ameshasali. Mke wake akamletea kalenda. Petrolie akasema kalenda zinachapishwa Kinshasa, na watu wa Kinshasa hawajui saa ya huku kwetu.

Mara nyingine, kwenye matanga, alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Vijiko viwili. Sote tuliona, na tukangoja ateme. Akanywa kikombe chote, polepole, akafuta masharubu, akaomba kingine na kutia chumvi tena. Eti kule Moanda ndivyo watu wa kazi ngumu wanavyokunywa chai, chumvi inarudisha nguvu iliyotoka na jasho. Tangu siku hiyo, popote alipopewa chai, aliomba chumvi. Mke wake alimchungulia kwa muda mrefu kupitia mlango wa jikoni, akitarajia kumkamata na sukari atakapokuwa peke yake. Aliniambia hakumkamata hata siku moja.

Tulimwita Petrolie kwa sababu alifanya kazi kwenye visima vya mafuta kule Moanda, mahali Kongo yetu inapogusa bahari. Alirudi Butembo kabla ya vita akiwa na vitu vitatu: viatu virefu vya mpira, kaske ya njano, yaani kofia ngumu ya kazini, na sanduku la mbao lenye pampu ya mkono ya kusukumia maji kwa nguvu. Viatu vilichakaa. Kaske aliivaa sokoni, shambani, kwenye harusi na kwenye mazishi. Kanisani aliivua wakati wa mageuzo tu, kengele ilipolia, na kabla hatujainuka kutoka magotini ilikuwa imesharudi kichwani. Nje ya hapo sikuwahi kuuona upara wake, isipokuwa siku moja, nayo nitaifikia.

Sasa, kwetu petroli ni mafuta ya taa. Na vita ilipokuja, lori zikawa zinakwama Kirumba au hazifiki kabisa, mafuta ya taa yalikuwa kitu cha kwanza kukosekana. Basi watu walikwenda kumgongea mlango na taa tupu mkononi, wakiamini kwamba mtu aliyekaa na petroli miaka mingi hivyo hawezi kukosa ya akiba. Ilimkera mno. Alitoka nje na kaske yake akawaeleza, kila mmoja kuanzia mwanzo, kwamba yeye hakuwa muuza mafuta, yeye alikuwa wa kikosi cha kupasua. Wengine walichimba kisima. Wao walifuata nyuma, wakasukuma maji ndani kwa nguvu mpaka mwamba wa chini ukapasuka na mafuta yaliyofungiwa yakapata njia ya kutoka. Kupasua si kazi, alisema, hata mjinga anapasua. Kazi ni kuuambia ufa uende wapi. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakasema asante Papa, wakarudi nyumbani na taa zao tupu.

Kuna bwana mmoja alitembea kutoka Vuhovi na chupa ya maji ya kinamasi yenye utando unaong'aa juu, akiwa na uhakika shamba lake limelala juu ya petroli. Petrolie alinusa, akaonja kwa kidole, akamwambia amechota kwa bidoni, yaani dumu, lililokuwa na mawese. Kisha akamshika mkono, akamsindikiza mpaka barabarani, akimwambia kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima kwamba huku kwetu hakuna petroli, hakuna hata tone. Nilipomuuliza mbona amepiga kelele vile, alisema miaka hii ukisema una kitu chini ya ardhi yako, watu wa bunduki watakuja kulala juu yake.

Na mtu huyu aliyejua kupasua milima hakuweza kupasua kuni. Nasema kweli. Shoka lake lilikwenda kokote, gogo likaruka uani, kuku wakakimbia. Mke wake alimnyang'anya shoka, akapasua mwenyewe kwa mapigo mawili, na Petrolie akasimama pembeni akieleza kwamba mti hauna akili, jiwe ndilo lenye akili, na mti usio na akili hauwezi kumsikiliza mtaalamu.

Alikuwa na swali moja alilouliza juu ya kila kitu: nani anabana nani? Watu wawili wakigombania mpaka wa parcelle, yaani kiwanja, anauliza hilo. Redio ikitangaza kwamba wakubwa wa vita wamepatana, anauliza hilo. Binti akikataa mchumba, anauliza hilo, tena mbele ya mchumba. Tulimwiga sana. Ilinichukua muda kujua kwamba lilikuwa swali la kazi yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na siku moja nilimwalika aje aongee na watoto. (Mwalimu nimezoea Kiswahili cha vitabu, mtanisamehe. Yeye nitamwacha aseme chake.) Alikuja na bonge la udongo wa kufinyangia, mbao mbili, na bomba la sindano aliloazima maternite, nyumba ya kujifungulia ya mtaa wetu. Aliweka bonge kati ya mbao, akawaambia watoto wawili wazibane kutoka kushoto na kulia, kisha akadunga sindano katikati na kusukuma maji. Bonge likapasuka, na ufa ukaenda kushoto na kulia, kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Akachukua bonge la pili, akawafanya wabane kutoka mbele na nyuma. Ufa ukaenda mbele na nyuma. Watoto walipiga makofi kama kwenye mpira. Akawauliza nani ameshapanda camion, yaani lori, ya kutoka Kirumba, na mikono yote ikainuka.

"Bon," alisema. "Ufa ni mutu mwenye kuingia mu camion yenye kujaa. Anasukuma batu ju apate nafasi. Atasukuma bale banabanwa sana? Hapana. Atasukuma bale biko na nafasi kidogo nyuma yabo. Jiwe iko vile vile. Kama unataka ufa iende kwenye unataka, uliza kwanza: nani anabana nani?"

Nilielewa vizuri sana siku ile, hata nikayaandika maneno yake ubaoni. Nalisema mapema, maana baadaye sitakuwa na kisingizio.

Sasa nije kwenye maji. Mtaa wetu uko juu ya kilima, na mwisho kabisa wa mtaa palikuwa na maternite ndogo ya vyumba vitatu, ambapo Mama Mkunga aliwazalisha wanawake wa Kimemi na wengine waliotembea na matumbo yao kutoka Vuhovi. Maternite haikuwa na maji. Nyuma yake kulikuwa na kishimo kilichokusanya unyevu, Mama Mkunga akachota kikombe kimoja kimoja, akichuja. Maji ya kweli yalikuwa ng'ambo ya kilima, kwenye chemchemi ambayo watu wa bunduki walikuwa wameiwekea bariere, kizuizi cha kamba njiani. Wakubwa wao walibadilika, majina ya vikundi yalibadilika, bariere ilibaki. Ukishuka na bidoni walikushikilia: mara uwafulie, mara uwapikie, mara ungoje tu kwa sababu chef, mkubwa wao, amelala na hakuna wa kutoa ruhusa. Wasichana tuliacha kuwatuma kabisa. Mwanamke alifika na uchungu wake, na kitu cha kwanza alichoulizwa mlangoni ni kama amebeba maji.

Petrolie peke yake ndiye aliyepita bariere ile bila tabu. Mara ya kwanza walipomkagua na sanduku lake, walidhani pampu ni silaha. Akawaeleza kwa Lingala nguvu ya maji ni nini, na mwamba unasemaje ukibanwa, na kwa nini mpira wa kuzibia lazima uwe laini. Aliwaeleza mpaka jua likahama. Mwishowe wao ndio waliomwomba aende zake, na tangu siku ile, walipoiona kaske ya njano kwa mbali, waliinua kamba.

Kisha mwanamke mmoja alijifungulia kwenye foleni ya bariere, katikati ya bidoni. Mama Mkunga alishuka mbio, akamfunga mtoto kwa kitenge alichokuwa amevaa. Mtoto alipona, mama pia. Mama Mkunga hakurudi kwake. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa Petrolie, akakaa bila kusalimia, jambo ambalo kwetu halifanyiki, akasema:

"Miaka yote unatuambiaka namna ulipasulaka milima ya batu. Pasula yetu."

Petrolie hakubisha. Asubuhi alipanda na msumari na nyundo ndogo.

Nyuma ya maternite palikuwa na jiwe moja kubwa kuliko nyumba, limezama ubavuni mwa kilima. Kwa wiki mbili aligonga na kuweka sikio, akagonga na kuweka sikio, watoto wakamfuata na kuweka masikio yao. Mwishowe alituambia jinsi mambo yalivyo. Maji yalikuwa yamekaa upande wa juu wa jiwe, nyuma yake, na yalikuwa yakijipenyeza kidogo kidogo kwenda ng'ambo, kwenye chemchemi ya bariere. Jiwe likipasuka kutoka juu kuja chini, maji yatashuka mlangoni mwa maternite. Likipasuka kwa upana, kufuata ubavu wa kilima, yote yatakwenda kwa watu wa bunduki, na hata kile kishimo cha Mama Mkunga kitakauka. Baruti hakuna mwenye akili angeigusa miaka ile, mlio mmoja tu na kilima kizima kingekimbia. Kwa hiyo ni pampu, na jiwe lenyewe ni moja, hakuna la kujaribia.

Wanaume walipokezana mtaimbo majuma matatu, wakatoboa mgongoni mwa jiwe tundu lenye kina cha mkono mara mbili. Ndani kabisa ya tundu Petrolie alichonga mikwaruzo miwili kwa patasi ndefu, mmoja ukitazama juu ya kilima, mwingine ukitazama chini, kwenye maternite. Aliiita mdomo. Mdomo unauonyesha ufa pa kuanzia, alisema, lakini kubanwa ndiko kunakoupeleka mbele.

Ijumaa jioni alikuja kwangu. Mimi ndiye nilikuwa msimamizi wa salongo ya avenue yetu, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, na Jumapili baada ya Misa ndiyo tungepasua. Aliniambia, "Mwalimu, kesho musiguse kitu pale mupaka nikuye." Nikasema ndiyo Papa.

Nilielewa nini? Nilielewa tusiguse tundu, tusiguse pampu, watoto wasitie vijiti. Lakini mbele ya jiwe, upande wetu, palikuwa na lundo la mawe ya kujengea, refu kuliko mimi, lililoachwa na tajiri mmoja aliyetaka kujenga ghorofa kabla vita haijamfukuza. Lilikuwa limeliegemea jiwe lile kubwa, limeota majani, limejaa takataka. Padri angekuja kubariki. Watu wangekuja na vitenge vyao vizuri. Mimi ni mtu wa Butembo, siwezi kupokea wageni kwenye uchafu. Na mawe, kwetu, tangu lini yakawa kitu? Ni mawe tu.

Tulilihamisha lundo lote. Wanawake arobaini hivi, mstari mmoja, jiwe likitoka mkono hadi mkono, tukiimba. Tuliyapanga mawe pande mbili za njia kutoka barabarani mpaka maternite, nikatuma yaletwe maji ya chokaa, tukayapaka meupe. Ilipofika saa sita uso wa jiwe kubwa ulikuwa wazi, umefagiliwa, unang'aa. Nilirudi nyumbani mgongo unaniuma, na furaha tele.

Jumapili tulitoka kanisani tukiimba na tukapanda kilima tukiimba. Petrolie alikuja nyuma na sanduku lake. Alipofika pale alisimama. Aliutazama uso wa jiwe, akayatazama mawe meupe ya njiani, akatutazama sisi. Kisha akavua kaske. Alibaki kichwa wazi mpaka ubeti ukaisha, na mimi, Mungu wangu, nikamnong'oneza mwenzangu kwamba mzee amefurahi mpaka amekosa la kusema. Akaivaa tena, akafungua sanduku.

Alishusha bomba ndani ya tundu, akaziba kwa mpira wa tairi la lori uliokazwa na nati, akaanza kusukuma. Mkono wa pampu ulikuwa mgumu, kisha mgumu zaidi, akaulalia kwa kifua. Tukasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja bua kavu la muhindi. Mkono wa pampu ukalegea ghafla. Tuliinama sote kutazama upande wetu. Hakuna kitu. Kisha mtoto mmoja akaonyesha kwa kidole: mstari mwembamba kama unywele, umelikata jiwe kutoka kushoto kwenda kulia. Punde tukasikia vigelegele ng'ambo ya kilima. Watu wa bunduki walikuwa wanashangilia, chemchemi yao ilikuwa inaruka. Mama Mkunga alikwenda kwenye kishimo chake, akakitazama kinavyoshuka mpaka tope likaonekana, akarudi akakaa juu ya bidoni tupu.

Na hapo ndipo lile somo langu la ubaoni liliponirudia. Lile lundo ndilo lililokuwa linalibana jiwe kutoka mbele. Tulipoliondoa, jiwe likapata nafasi ya kusogea upande wetu, na ufa ukapita kwa upana, kama yeye mwenyewe alivyowaeleza watoto wa miaka minane. Watu walianza kuulizana. Mzee mmoja aliyeshika mtaimbo alikuwa ameshaanza kuitazama ile njia yetu nyeupe. Nikafungua kinywa.

"Nimekosa," alisema Petrolie, kwa sauti ile ile ya kumfukuzia bwana wa Vuhovi. "Kosa ni yangu. Nilikata mudomo mubaya."

Hakuna aliyewaza maji tena. Watu walimsahau Mama Mkunga na bidoni lake. Mke wa Petrolie alijishika kichwa kwa mikono miwili. Na mimi nilifunga kinywa. Nalisema wazi: nilikifunga kwa aibu na kwa woga, na kwa sababu mtu alikuwa amenipa njia ya kutoka nikaipita.

Jumatatu alitangaza kwamba amebadilisha mpango, na katika mpango mpya mawe yote yanatakiwa kurudi mahali pake mbele ya jiwe. Wanawake walinung'unika. Mimi sikunung'unika, nilibeba mpaka kucha mbili zikang'oka. Yeye alichanganya udongo mfinyanzi, majivu na unga wa mbao kutoka kwa maseremala, akausukuma mchanganyiko ule ndani ya ufa kwa pampu ile ile mpaka ukakataa kupokea zaidi, akauacha ukauke. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama itasaidia. Akasema ule ufa sasa ni mtu aliyeingia mu camion akakataa kushuka. Amejaza nafasi yote, anabana mbele na nyuma, na mwingine akija hana budi kupita njia nyingine. Akaongeza kwamba ufa wa pili utageuka, hakuna shaka, alishaona kule Moanda.

Siku ya kupasua mara ya pili hatukuimba. Na kabla hajashika pampu, chef wa bariere alipanda na watu wake wawili. Tangu ufa uzibwe, chemchemi yao ilikuwa imerudi ilivyokuwa zamani, na yeye alikuwa ameshazoea maji ya kuruka. Alitaka kujua nani anamwibia. Mama Mkunga alisimama mlangoni mwa maternite, mikono kwenye nguzo mbili, maana ndani kulikuwa na mwanamke anayehangaika. Petrolie alimsalimu chef kwa Lingala, akamwonyesha tundu, akamwonyesha mpira, akaanza kumweleza kuanzia mwanzo. Chef alijaribu kumkatiza. Hakuweza. Petrolie aliishika mikono yake, akaipima, akasema mikono ya namna hii kule Moanda ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Na mimi niliona kwa macho yangu mwili wa yule mtu ukinyooka kwa sifa. Akampa mwenzake bunduki amshikie, akakunja mikono ya shati, akasukuma.

Mlio ulikuwa ule ule mdogo. Mkono wa pampu ukalegea. Mstari ulitokea juu, ukateremka ukiukata ule wa kwanza, ukaingia nyuma ya lundo la mawe. Tulingoja. Mawe ya chini yakabadilika rangi, yakawa meusi kwa unyevu, kisha maji yakatoka kati yake, uzi kwanza, halafu unene wa kidole, halafu wa mkono, yakapita juu ya viatu vya chef. Alicheka kama mtoto. Wanawake wote wakasema "wasingya, wasingya," asante ya Kinande, na sijui walikuwa wanamshukuru nani, Mungu, Petrolie au yule mwenye bunduki. Mama Mkunga alinawa uso, akajaza beseni, akarudi ndani. Yule mwanamke alijifungua mchana ule, na hakuna aliyemuuliza kama amebeba maji. Chef alijigamba kwa mwezi mzima kwamba yeye ndiye aliyepasua kilima, na kwa hiyo hakuwahi kuweka bariere pale kwetu.

Ungedhani mtu aliyeleta maji angeheshimiwa. Aliheshimiwa. Lakini sisi watu wa Kimemi hatukuweza kuiacha ile zawadi nyingine, lile neno lake. Kwa miaka, kila alipobisha, kuna mtu alimwambia: Papa, si na wewe ulikataka mdomo mbaya? Watoto wa darasa langu walicheza mchezo wa "kosa ni yangu", mmoja akivaa sufuria kichwani. Petrolie aliyegombana na kalenda, jambo hili moja aliliacha lipite, akashusha kaske machoni, akaendelea na njia yake. Mimi nilikuwa nawanyamazisha watoto, na jioni nikirudi nilizunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mlangoni mwake. Nilimpenda yule mzee, nami nikamwacha abebe kitu changu miaka yote ile.

Mke wake alipofariki, binti yake alimchukua akaishi naye Beni. Mimi nilifika huko muda mrefu baadaye, kwa kazi ya kusahihisha mitihani, nikatafuta nyumba mpaka nikaipata. Alikuwa kwenye kiti cha uani, amekuwa mdogo sana chini ya kaske. Alinitambua kwa sauti. Aliuliza habari za jiwe kabla ya habari za watu. Nikamwambia maji yanatoka vilevile, maternite ina robine mbili za maji sasa, Mama Mkunga mguu unamsumbua lakini bado anagombeza watu. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Binti alileta chai, akaweka chumvi kwenye sinia bila kuambiwa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikasema, "Papa, mudomo ulikuwa muzuri. Ni mawe. Ulisema tusiguse kitu, na miye njo niliambia bamama batoe yale mawe. Nilijua siku ile ile. Nilinyamaza."

Alikoroga chumvi kwenye chai yake.

"Mawe niliona," alisema. "Nilifika, nikaona haiko. Ningesema: tuache, turudishe mawe, tupasule siku ingine. Lakini mulikuwa munaimba. Mulipaka ata chokaa. Nikasema bon, mudomo yangu itashinda. Haikushinda. Donc kosa ni ya nani?"

"Yangu, Papa."

"Mwalimu. Nilishasema mbele ya batu bote, kosa ni yangu. Ulishaonaka miye nabadilisha neno?"

Nilisema hapana, sijaona. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Yeye hakuyatazama. Alinisogezea kikombe changu, kisha akanisogezea chumvi. Nikatia vijiko viwili, nikanywa mpaka mwisho.